Pilipili zikikunja majani: namna labo inatafuta jina la virusi, na faida yake kwa mulimaji

Tuseme una shamba dogo la pilipili nyuma ya nyumba ao kando ya muto. Miche ilishika vizuri, mvua ilikuja kwa wakati wake. Kisha, katika mwezi wa pili, majani ya juu yanaanza kujikunja. Mengine yanapata madoa ya njano juu ya kijani, sawa na kitenge kilichomwagikiwa javel. Mimea inabaki mifupi, maua yanaanguka, na pilipili chache zinazotoka ni ndogo na zimepinda. Mama wa soko anaziangalia tu na kuzirudisha ndani ya beseni. Wewe unakimbia kwenye duka la dawa za kilimo, unanunua chupa, unapiga pompi leo, unapiga tena wiki ijayo. Franka zinaisha, na shamba linaendelea kuharibika.

Kabla ya kununua chupa ya tatu, kuna swali moja la kujiuliza: ugonjwa huu unaitwa nani? Hilo si swali la watu wa chuo kikuu peke yao. Kwa upande wa pilipili, jina la virusi ndilo linaonyesha njia iliyopita ili kuingia shambani, na njia hiyo ndiyo unaweza kufunga. Ukikosea jina, unafunga mulango ambao mwizi hakupitia. Katika makala hii tunaeleza virusi ni nini, kwa nini macho hayatoshi kuitambua, labo inaitafuta namna gani, na mulimaji anaweza kufanya nini leo hata kama labo iko mbali.

Virusi ni nini, na kwa nini pompi haiiponyeshi

Virusi ni kitu kidogo sana. Mikroskopi ya kawaida, ile ya kituo cha afya inayoonyesha malaria, haiwezi kuionyesha. Ndani yake kuna maandishi ya urithi, ADN ao ARN kama tulivyojifunza katika somo la biolojia. Inje kuna ganda la protini. Ni hayo tu. Haili, haipumui. Ikiingia ndani ya chembe ya mumea, inailazimisha kutengeneza virusi zingine, na mumea unabaki kufanya kazi kwa ajili ya mugeni.

Wanasayansi walianza kuelewa jambo hili kupitia tumbaku. Mwaka 1892, Dmitri Ivanovsky wa Urusi alichuja maji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa chujio linalozuia bakteria, na maji yale yakaendelea kugonjesha mimea mizima. Mwaka 1898, Martinus Beijerinck wa Uholanzi alitumia neno virusi juu ya kitu hicho. Tumbaku na pilipili ni za jamaa moja, pamoja na tomati, viazi vya Ulaya na biringanya. Ndiyo sababu virusi nyingi zinatoka katika shamba la tomati na kuingia katika pilipili bila shida.

Sasa angalia dawa tunazouziwa. Kuna dawa za kuua vidudu na kuna dawa za kuua kuvu. Lakini hakuna dawa ya kunyunyiza shambani inayoponyesha mumea ambao virusi imekwisha kuingia. Mumea mugonjwa utabaki mugonjwa mpaka mwisho wake. Kazi yote ni kuzuia ugonjwa usiingie, na ukiingia, usisambae.

Majani yanadanganya

Mulimaji mwenye uzoefu anaona mengi. Anajua shamba lake kuliko mutu wa labo. Lakini kwa virusi, macho yana mwisho, kwa sababu kuu tatu.

Ya kwanza: virusi mbalimbali zinaleta alama zilezile. Madoa ya njano na kijani, majani membamba, mimea mifupi, yote hayo yanaweza kutoka kwa virusi tano tofauti. Na mara nyingi virusi mbili ao tatu zinakaa katika mumea mumoja. Hapo alama zinachanganyika na ugonjwa unakuwa mukali zaidi.

Ya pili: kuna vitu vingine vinavyofanana na virusi. Utitiri, vidudu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona vizuri, unakunja majani machanga ya pilipili hadi unaapa kwamba ni virusi. Udongo ukikosa chakula, majani yanakuwa ya njano. Na kama jirani amepiga dawa ya kuua majani mabaya siku ya upepo, matone yake yakifika kwako yanaweza kupindisha pilipili zako.

Ya tatu: mumea unaweza kubeba virusi bila kuonyesha kitu, hasa siku za kwanza. Unaona muche wa kijani, muzuri, unaupanda katikati ya shamba, kumbe umeleta mugonjwa nyumbani.

Kila virusi ina barabara yake

Duniani kote, virusi nyingi zinajulikana katika pilipili, ile kali na ile kubwa isiyochoma tunayoiita puavro. Hatuwezi kuzitaja zote. Lakini tukizipanga kwa kufuata barabara zinazopitia, tunapata makundi machache.

Kundi la kwanza linabebwa na vidukari. Hivi ni vile vidudu vidogo, laini, vya kijani ao vyeusi, vinavyojikusanya chini ya jani na kunyonya maji yake. Kuna virusi ya madoa ya mishipa ya pilipili, kwa kifupi PVMV, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza huko Ghana mwaka 1971. Kuna virusi Y ya viazi, PVY. Kuna virusi ya mozaiki ya tango, CMV, ambayo inaweza kuingia katika aina zaidi ya 1000 za mimea, kuanzia tango na boga hadi migomba na majani ya porini. Kwa hizi zote, kidukari kinaonja jani gonjwa kwa sekunde chache ao dakika, kinaruka, kinaonja jani lingine, na kazi imekwisha. Dawa ya kuua vidudu haiwahi. Kidukari kitakufa, ndiyo, lakini kimekwisha kuacha ugonjwa.

Kundi la pili linabebwa pia na vidukari, lakini kwa namna ingine. Ni virusi za njano za mishipa ya pilipili. Hapa kidukari kinapaswa kunyonya kwa saa nyingi, virusi inapita ndani ya mwili wake, kisha kinabaki nayo siku nyingi. Kwa kundi hili, kupunguza vidukari mapema kunaweza kusaidia kweli. Angalia: kidudu ni kilekile, lakini shauri la kumupa mulimaji si lilelile.

Kundi la tatu linabebwa na inzi weupe, vile vidudu vyeupe vinavyoruka kama unga ukitikisa mumea. Vinabeba virusi za kundi la begomovirusi, ambazo ni ndugu za ile ya mozaiki ya muhogo tunayoijua sana hapa kwetu.

Kundi la nne linabebwa na tripsi, vidudu vyembamba sana vinavyojificha ndani ya maua. Vinabeba virusi ya madoa na mnyauko ya tomati, TSWV. Tripsi inachukua virusi hii ikiwa bado changa, kisha ikikua inaendelea kuisambaza.

Kundi la tano halihitaji kidudu ili kusafiri. Ni tobamovirusi: ile ya mozaiki ya tumbaku, ile ya madoa mepesi ya pilipili iitwayo PMMoV, na ile mupya iitwayo ToBRFV, iliyoonekana huko Israeli mwaka 2014 na Yordani mwaka 2015 katika tomati, na ambayo inashika pilipili pia. Hizi ni ngumu sana kufa. Zinakaa juu ya ganda la mbegu, juu ya kisu, juu ya nguo, juu ya mikono ya mutu anayekata ao kufunga mimea. Ukipiga pompi kila siku kwa ajili ya kundi hili, unatupa pesa, kwa sababu wewe mwenyewe ndiwe unayebeba virusi.

Sasa munaona kwa nini jina ni muhimu. Shamba mbili zinaonyesha majani ya namna moja. Katika moja, kazi ni kuosha mikono na kubadili mbegu. Katika lingine, kazi ni kulinda miche na kungoa magugu.

Mufano wa jirani: Rwanda mwaka 2018

Mwaka 2018, wataalamu wa Rwanda na wa Uingereza walitangaza katika jarida la New Disease Reports virusi walizozikuta katika pilipili za Rwanda. Walikuta PVMV, walikuta virusi ya kundi la njano, na walikuta pia virusi ya kundi la enamovirusi ambayo ilikuwa bado haijulikani. Mara ya kwanza kabisa virusi hizo kutangazwa katika pilipili za inchi hiyo.

Tufikiri kidogo. Mulimaji wa kule angeweza kuona nini kwa macho? Mimea mifupi na majani ya njano, basi. Hakuna mutu angesoma majina matatu kwenye jani. Na ile ya tatu, hata mutaalamu mwenye vitabu vyote asingeitaja, kwa sababu haikuwa bado katika kitabu.

Hiyo haimaanishi kwamba virusi zilezile ndizo ziko shambani mwako. Lakini kati ya Goma na Gisenyi, na kati ya Bukavu na Rusizi, watu wanavuka na bidhaa kila siku, na kidukari hakina haja ya jeton ili kupita kwenye mupaka. Mutaalamu wa upande wetu anayetafuta ugonjwa wa pilipili ana sababu ya kuanza na majina hayo.

Na sisi tulishaona jambo kama hili kwa mahindi. Ugonjwa unaoua mahindi yakiwa mabichi ulitambuliwa Kenya mwaka 2011. Mwaka 2014, wataalamu walitangaza kwamba moja ya virusi zinazouleta, MCMV, imekutwa katika mahindi ya Kivu ya Kaskazini. Kazi hiyo pia ilifanyika kwa njia za labo ambazo tunaeleza sasa.

Labo inatafuta namna gani

Njia rahisi ni kutafuta ganda la virusi. Njia iitwayo ELISA ilianza kutumiwa kwa virusi za mimea katika miaka ya 1970. Wanaponda jani, wanaweka maji yake katika sahani yenye vishimo vidogo, na wanatia kinga-mwili zinazonasa virusi moja tu. Kama virusi iko, maji yanabadilika rangi. Kuna hata vijiti vidogo vinavyofanya kazi hiyo shambani kwa dakika chache, sawa na TDR ya malaria: mustari mumoja ao miwili. Ni njia ya bei nafuu na unaweza kupima majani mengi kwa siku moja. Lakini inaona tu ile virusi uliyoitafuta, na mara zingine inachanganya ndugu wa jamaa moja.

Njia ya pili ni kutafuta maandishi yenyewe ya virusi. Hiyo ndiyo njia ya molekuli, na ya kwanza ni PCR. Huku kwetu neno hili si geni. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, kila familia ilijifunza kungojea majibu ya labo. Mashini za GeneXpert zilizotumiwa wakati ule zilikuwa zinafanya PCR. Kisha ikaja Covid-19, na watu wakaanza kusema PCR hata ndani ya taxi. Kwa jani la pilipili, kazi ni ileile.

Kwanza, wanaponda kipande cha jani na kuondoa vitu vyote visivyotakiwa: rangi ya kijani, mafuta, protini. Inabaki ARN ao ADN. Virusi nyingi za pilipili zina ARN, na PCR inasoma ADN tu. Kwa hiyo kuna hatua ya kuandika ARN upya kuwa ADN. Zile za inzi weupe zina ADN tayari, hazihitaji hatua hiyo.

Kisha wanatia vipande viwili vidogo vya ADN vilivyotengenezwa, kila kimoja cha herufi karibu 20. Vipande hivi vinashikamana na maandishi ya virusi inayotafutwa peke yake. Fikiri unatafuta sentensi moja katika kitabu kikubwa: unamwambia mutu maneno ya mwanzo na maneno ya mwisho, naye anakopi kilicho katikati.

Mashini inapasha maji moto hadi karibu digri 95 ili nyuzi mbili za ADN ziachane. Inapoa hadi karibu 55 ili vile vipande vishikamane. Inapanda tena hadi 72 ili kopi itengenezwe. Kila duru, kopi zinaongezeka mara mbili: moja inakuwa mbili, mbili inakuwa nne, nne inakuwa nane. Kama yote yanaenda vizuri, kisha duru 30, kopi moja imekuwa zaidi ya miliari moja. Kitu ambacho hakingeonekana kabisa sasa kinaonekana kama mustari unaong'aa. Mutu aliyebuni njia hii mwaka 1983, Kary Mullis wa Marekani, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1993.

Tafadhali tofautisha mambo mawili. Kugundua ni kusema: ndiyo, kuna virusi ya jamaa fulani hapa. Kutambua ni kusema: jina lake ni hili. PCR ingine inatafuta jamaa nzima, na mustari ukionekana, umejua ukoo tu. Ili kujua jina, labo inasoma herufi za ile kopi moja kwa moja na kuzilinganisha na hazina kubwa ya maandishi ambayo wataalamu wa dunia nzima wanaijaza, iitwayo GenBank. Kuna sheria za kuhukumu. Kwa mufano, kwa begomovirusi, kama maandishi makuu yanafanana na yale yanayojulikana chini ya 91 kwa mia, wanasema ni virusi mupya.

Njia ya tatu ni kusoma maandishi yote yaliyo ndani ya jani bila kuchagua. Hapa hauhitaji kukisia jina mbele ya wakati. Kompyuta inatenga maandishi ya pilipili yenyewe, na kinachobaki kinaonyesha wageni wote, hata wale wasiojulikana. Ndiyo njia inayofaa pale ambapo hakuna mutu anajua wa kumutafuta. Shida yake ni bei, umeme, intaneti na watu waliofundishwa.

Lakini mashini zinaendelea kupungua ukubwa. Kuna moja, MinION, inayoingia mufukoni. Mwaka 2019, timu ya watafiti ilieleza namna ilivyosoma virusi za muhogo papo hapo shambani, huko Tanzania, Uganda na Kenya, badala ya kutuma majani mbali na kungojea miezi. Kuna pia njia iitwayo LAMP, iliyotolewa Japani mwaka 2000, ambayo inafanya kopi kwa joto moja tu, kati ya digri 60 na 65. Haihitaji mashini ya kupanda na kushuka. Kwa sehemu ambako umeme unakatika mara tano kwa siku, njia za namna hii zina maana kubwa.

Ukipata nafasi ya kupeleka jani

Labo nzuri haiwezi kuokoa sampuli mbaya. Kama agronomu ao mutafiti anakubali kupokea majani yako, fanya hivi.

Chukua majani machanga ya juu yenye alama. Usichukue jani lililokauka ao lililooza, kwa sababu virusi inaweza kuwa haisomeki tena. Chukua kutoka mimea kadhaa, si mumoja. Chukua pia jani la mumea unaoonekana muzima, ili labo iweze kulinganisha. Osha mikono kwa sabuni kati ya mumea na mumea, la sivyo utapeleka virusi ya kwanza ndani ya mufuko wa pili.

Kila sampuli iwe na bahasha yake. Andika tarehe, mahali, aina ya pilipili, mbegu ilitoka wapi, ilipandwa lini, na alama ulizoona. Piga picha kwa simu: mumea wote, kisha jani karibu. Mara nyingi picha na maandishi hayo yanasaidia sawa na jani lenyewe.

Kama njia ni fupi, weka majani katika mahali pa baridi. Kama njia ni ndefu, na huku kwetu barabara inaweza kufungwa siku nyingi, jani bichi litaoza ndani ya plastiki. Ni afazali kulikausha haraka kati ya karatasi kavu, mbali na jua kali, na kubadili karatasi kila siku. Labo zingine zinatoa kadi maalumu ambazo unaponda jani juu yake, na maandishi ya virusi yanabaki salama. Uliza kwanza labo inataka namna gani. Na usivuke mupaka na majani magonjwa bila ruhusa: kuna karatasi za afya ya mimea, na zinawekwa kwa sababu nzuri.

Majibu yanasema nini, na hayasemi nini

Jibu la "ndiyo" linasema maandishi ya virusi yamo. Halisemi kila mara kwamba virusi hiyo peke yake ndiyo inayoharibu shamba. Jibu la "hapana" linasema virusi iliyotafutwa haikuonekana katika lile jani. Inawezekana iko nyingine, ao jani lilioza, ao ugonjwa ni muchanga bado. Wakati wa Ebola tulielezwa kwa nini mutu anaweza kupimwa mara mbili. Kwa mimea ni hivyo hivyo. Labo ya kweli inapima pia jani linalojulikana kuwa gonjwa na lingine linalojulikana kuwa zima, ili kuhakikisha kwamba kipimo chenyewe hakidanganyi.

Swali lingine ambalo watu wanauliza: pilipili yenye virusi inaweza kutugonjesha? Virusi hizi ni za mimea, hazileti ugonjwa kwa mutu. Tena kuna jambo la kushangaza. Mwaka 2006, wataalamu walikuta PMMoV nyingi katika choo cha watu, kwa sababu tunaila ndani ya pilipili na vyakula vya pilipili na inapita tumboni bila kufa. Sasa inatumiwa kupima kama maji yamechafuliwa na choo. Kinachopaswa kutuogopesha zaidi ni dawa tunayopiga bure: pilipili iliyopigwa leo na kuuzwa kesho inafika katika sahani pamoja na sumu yake. Heshimu siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna.

Labo ikiwa mbali, fanya haya

Tuseme kweli: walimaji wengi hawatapata PCR musimu huu. Lakini kujua zile barabara tano kunatosha ili kufunga milango mingi.

Anza na mbegu. Usichukue mbegu kwenye mumea wenye alama, hata kama ile pilipili moja ni nzuri. Kama unanunua, uliza inatoka wapi na kama aina hiyo inavumilia virusi fulani. Kuna pilipili zenye ulinzi wa asili dhidi ya tobamovirusi, na zingine dhidi ya jamaa ya PVY na PVMV. Lakini ulinzi wa moja hausaidii kwa nyingine. Hapa tena jina la virusi ndilo linaamua mbegu gani ununue.

Linda kitalu. Muche ukishikwa ukiwa mudogo hautatoa kitu, lakini ukishikwa ukiwa mukubwa unaweza kutoa mavuno kidogo. Funika kitalu kwa chandarua chenye matundu madogo sana, na usikiweke karibu na shamba la zamani la tomati ao pilipili.

Ngoa mapema. Ukiona mimea michache tu yenye alama mwanzoni mwa musimu, ngoa, weka ndani ya mufuko, toa inje ya shamba na uchome ao uzike. Inauma, lakini mumea mumoja unaouhurumia unaweza kugonjesha mustari wote. Ondoa pia magugu ya pembeni na mimea inayobaki kisha mavuno.

Osha mikono, visu na kamba kwa sabuni, hasa ukitoka katika mimea yenye alama. Fanya kazi katika sehemu nzima kwanza, kisha sehemu gonjwa. Usivute sigara wala kushika tumbaku shambani.

Panda mistari ya mahindi kuzunguka pilipili. Kidukari kinachoingia kinatua kwanza kwenye mahindi, kinaonja, kinapangusa mudomo wake hapo, kisha kinafika kwenye pilipili bila virusi za kundi la kwanza. Na usirudishe pilipili, tomati ao biringanya katika udongo uleule musimu unaofuata. Weka maharagi ao mahindi.

Mahali pa kuuliza

Anza na agronomu wa sekta ao wa chefferie yako. Katika Kivu ya Kusini kuna kituo cha INERA cha Mulungu, huko Kabare, na kituo cha IITA cha Kalambo. Bukavu, Goma na Butembo zina vyuo vikuu vyenye masomo ya kilimo, na wanafunzi wanaotafuta kazi ya kumaliza masomo mara nyingi wanapenda shida ya kweli kutoka shambani. Juu ya mbegu, huduma ya serikali ni SENASEM. Juu ya mimea inayovuka mupaka ni SQAV. Si kila ofisi ina mashini ya PCR, lakini walimaji kumi wakija pamoja na picha, tarehe na sampuli zilizopangwa vizuri, ni vigumu zaidi kuwarudisha kuliko mulimaji mumoja aliyekuja na jani ndani ya mufuko wa shati.

Na ukirudi kwenye duka la dawa, kabla ya kutoa franka, uliza muuzaji: dawa hii inaua nini? Akijibu kwamba inaponyesha virusi, funga mufuko wako na urudi nyumbani.